Nafasi Baina ya Maneno

Mpangaji wa herufi wa karne ya 18, awe London, Paris au Leiden, alifanya kazi amesimama. Mbele yake palikuwa na kasha la mbao lenye vyumba vingi vidogo, kila chumba na herufi yake ya risasi. Mkono wa kushoto alishika kishikio chembamba chenye kingo, ambacho upana wake ulikuwa umekwisha kukazwa kwa kipimo cha ukurasa. Kwa mkono wa kulia alichota herufi moja moja, karibu bila kuzitazama, akazipanga kichwa chini kutoka kushoto kwenda kulia. Kati ya neno na neno alitia kipande cha risasi kilicho kifupi kuliko herufi, ili wino usikiguse. Nafasi nyeupe tunayoiona kwenye karatasi, kwake ilikuwa kitu kizito, cha kushikika na cha kununuliwa.

Vipande hivyo vilikuwa na vipimo vyake. Cha msingi kilikuwa mraba, ambao upana wake ni sawa na ukubwa wa herufi zenyewe. Kwa kawaida kati ya maneno ilitiwa theluthi ya mraba; ndani ya kasha palikuwa pia na robo, na humusi, na vingine vyembamba zaidi. Mstari ulipokaribia kujaa, neno la mwisho ama lilikataa kuingia, ama liliingia likaacha pengo. Hapo mpangaji alirudi nyuma. Alichomoa theluthi akatia robo, au alichomoa theluthi akatia nusu, nafasi baada ya nafasi, hadi mstari ukabana. Akiwa na desturi nzuri, alianzia kwenye nafasi zilizofuata nukta na mkato, kwa sababu hapo jicho halioni haraka kwamba kuna kilichoongezwa au kupunguzwa. Mstari uliopangwa sawasawa uliweza kusimama wenyewe ndani ya kishikio bila kuegemea kitu.

Msomaji asidhani kwamba taabu yote hii ilikuwa kwa ajili ya urembo. Ukurasa mzima ulifungwa ndani ya fremu ya chuma kwa kabari, kisha risasi yote ikanyanyuliwa kwa pamoja na kupelekwa kwenye mashine. Mstari mmoja ukilegea, herufi zilidondoka sakafuni, au zilinaswa na wino na kuvutwa nje. Kwa hiyo hata mashairi, ambayo mistari yake huishia popote, yalijazwa risasi tupu upande wa kulia hadi kipimo kikatimia. Katika uchapaji wa risasi kila mstari ulikuwa na urefu uleule. Kilichobaki kuamuliwa ni wapi utupu uwekwe: wote mwishoni, au ugawanywe katikati ya maneno.

Ugumu wa kazi hii si wa hesabu. Ni wa wakati. Huwezi kujua nafasi ya kwanza iwe na upana gani mpaka ufike kwenye neno la mwisho, na ukifika huko nafasi ya kwanza umekwisha kuiweka. Anayepanga kwa vidole hurudi nyuma. Mwenye kalamu harudi, wino umekwisha kukauka. Na mashine, isiyo na macho ya kutazama mbele wala vidole vya kurudi nyuma, ifanyeje?

Wenye kalamu walikuwa na jibu lao zamani sana: deni lilipwe na neno la mwisho. Waandishi wa Kiebrania walizipanua herufi chache zinazostahimili kupanuliwa, kama he na tav, hadi zikagusa pambizo. Waandishi wa Kiarabu walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kucheza, kwa kuwa herufi zao huungana, na mstari unaoziunganisha unaweza kuvutwa. Mvuto huo ndio kashida. Mwandishi hodari hakuivuta kashida ovyo. Kulikuwa na herufi zinazoikubali na zinazoikataa, na neno fupi mno likivutwa huonekana limechanika. Katika ushairi, ambako vipande viwili vya ubeti hukaa kando kwa kando na kutakiwa kulingana upana, kashida ilifanya kazi mchana na usiku. Kalamu ya namna hiyo ndiyo iliyoziandika tenzi za Lamu na Pate kabla ya herufi za Kirumi kufika. Na herufi za Kiarabu zilipoanza kumiminwa kwa risasi, wachapaji waliweka kwenye makasha yao vipande vya kashida pamoja na alifu na be. Sultani Barghash bin Said alipoanzisha kiwanda chake cha chapa Unguja, miaka ya kuzunguka 1880, na vitabu vya fiqhi ya Kiibadhi vikaanza kutoka humo, wapangaji wake walikuwa wanarithi sanaa yenye karne nyingi nyuma yake.

Ulaya nayo ilianza kwa kuyanyoosha maneno kabla ya kuzinyoosha nafasi. Johannes Gutenberg, alipoichapa Biblia yake mjini Mainz, kazi iliyokamilika karibu na mwaka 1455, alichonga herufi na alama zipatazo 290. Kilatini hakikuhitaji hata robo ya idadi hiyo. Sababu ya wingi huo inaonekana ukiutazama ukurasa kwa karibu: kuna herufi moja kwa umbo pana na umbo jembamba, kuna herufi mbili zilizoshikamana kuwa moja, na kuna vifupisho vilivyorithiwa kutoka kwa makatibu wa makanisa, kama kistari juu ya irabu kinachosimama badala ya m au n. Mpangaji wake aliyeishiwa nafasi aliandika neno kwa kifupi. Aliyebakiwa na nafasi aliliandika kamili. Vistari vya kukatia maneno aliviacha vichomoze nje kidogo ya safu, ili ukingo wa herufi zenyewe ubaki wima. Matokeo yake ni safu mbili za mistari 42 ambazo nafasi zake karibu zote ni sawa. Kwa maoni yangu hakuna mchapaji wa risasi aliyemfikia tena. Waliomfuata hawakushindwa kwa uvivu. Kuchonga na kutunza alama 290 ni gharama kubwa, na nafasi za theluthi na robo ni rahisi. Wakachagua rahisi, na kwa miaka zaidi ya 400 wapangaji wakawa wanarudi nyuma mstari kwa mstari.

Mtu mmoja aliyeijua kazi hiyo mikononi mwake alikuwa Samuel Clemens, ambaye dunia inamjua kwa jina la Mark Twain. Alijifunza kupanga herufi akiwa mvulana huko Hannibal, Missouri. Utajiri wa vitabu ulipomfikia, alianza mwaka 1880 kuweka fedha katika mashine ya fundi mmoja wa Hartford, James W. Paige. Paige alitaka mashine ifanye kila alichofanya binadamu, na kwa herufi zilezile za kawaida: izichote, izipange, ipime mstari uliojaa, ichague vipande vya nafasi vinavyofaa, kisha baada ya kuchapa izirudishe herufi mahali pake. Ilikuwa na vipande vipatavyo 18,000. Tarehe 5 Januari 1889 Twain alisimama mbele yake akauona mstari ukipangwa na kusawazishwa bila mkono wa mtu, akaandika kwenye daftari lake kwamba tukio la namna hiyo halijapata kutokea duniani. Huenda alisema kweli. Lakini Paige hakuwa mtu wa kuacha kurekebisha. Kila mashine ilipofanya kazi aliifungua tena ili aiboreshe. Mwaka 1894 ilipelekwa kwenye gazeti la Chicago Herald kujaribiwa, ikawa inaharibika kila mara. Mwaka huohuo Twain alitangaza kufilisika. Mamia ya maelfu ya dola yalikuwa yameteketea, na mwaka 1895, akikaribia umri wa miaka 60, alianza safari ya kuzunguka dunia akitoa mihadhara ili alipe madeni. Mashine moja ya Paige ipo hadi leo katika makumbusho ya nyumba ya Twain huko Hartford.

Kosa la Paige, kama ni kosa, ni kwamba aliiga vidole. Aliyeshinda hakuiga chochote. Ottmar Mergenthaler, Mjerumani aliyejifunza ufundi wa saa kabla ya kuhamia Marekani mwaka 1872, alikuwa akifanya kazi Baltimore. Mashine yake, Linotype, haikugusa herufi za risasi kabisa. Mtu alipobonyeza kitufe kilishuka kibati cha shaba chenye tundu la umbo la herufi. Vibati vikajipanga safu moja, na mahali pa nafasi ikashuka kabari ndefu ya chuma. Mstari ulipokaribia kujaa, ulibanwa kati ya kingo mbili, na kabari zote zikasukumwa kutoka chini kwa pamoja. Kila iliposukumwa juu, kabari ilinenepa mahali pake na kuyatenganisha maneno, hadi mstari ukajaa na kabari zisiweze kupanda tena. Hapo ndipo risasi ya moto iliyochanganywa na bati na antimoni ilipomiminwa, ukatoka mstari mzima kama kipande kimoja.

Hakuna aliyepima wala kugawanya. Nafasi zote ziliamuliwa kwa mara moja, dakika ya mwisho, na kwa usawa, kwa sababu kabari zote zilipanda kimo kimoja. Tarehe 3 Julai 1886 mashine ilianza kufanya kazi katika gazeti la New York Tribune. Wazo la kabari pacha, mbili zinazoteleza moja juu ya nyingine ili pande zake za nje zibaki sambamba, lilikuwa na hataza ya mtu mwingine, Jacob Schuckers, na kampuni ya Linotype ikalazimika hatimaye kuinunua haki hiyo ili ipate amani. Waendeshaji wa mashine walijifunza upesi kuuheshimu mstari uliojaa nusunusu. Kama maneno yalikuwa machache mno kiasi kwamba kabari zilifika mwisho wake bila kuubana mstari, risasi ya moto iliruka kupitia mianya, na mtu wa karibu aliungua.

Tolbert Lanston alikuja na njia ya tatu, ninayoipenda kuliko zote. Alikuwa karani katika ofisi ya pensheni mjini Washington, na mashine yake, Monotype, aliyoipatia hataza mwaka 1887, inafanana na akili ya karani. Ilikuwa mashine mbili. Ya kwanza ilikuwa na vitufe tu, na kazi yake ilikuwa kutoboa matundu kwenye utepe wa karatasi. Kila herufi ilikuwa na upana uliohesabiwa kwa vizio, 18 vikiwa upana wa herufi pana kabisa, na mashine ilijumlisha vizio kadiri mtu alivyobonyeza. Kengele ilipolia kumwonya kwamba mstari unakaribia kujaa, aliangalia silinda iliyojaa tarakimu, na sindano ikamwonyesha namba mbili. Namba hizo zilikuwa jibu la hesabu moja: vizio vilivyobaki, vigawanywe kwa nafasi zilizomo mstarini. Alibonyeza vitufe vya namba hizo, na matundu yake yakawa ya mwisho katika mstari huo.

Kisha utepe ulipelekwa kwenye mashine ya pili, iliyomimina herufi moja moja, nao uliwekwa kinyume. Ulisomwa kuanzia mwisho. Kwa hiyo kitu cha kwanza kilichoijia mashine ya kumimina katika kila mstari kilikuwa zile namba mbili, na hata kabla ya kumimina herufi yoyote ilikwisha kujua kila nafasi iwe na upana gani. Lanston alikuwa amepata namna ya kuyafahamu ya mwisho mwanzoni: kusoma nyuma mbele.

Mafanikio haya yote yalimfanya mtu mmoja aulize kama kazi yenyewe ilikuwa na haja. Eric Gill, mchongaji wa Uingereza ambaye herufi zake za Gill Sans ziliuzwa na kampuni ya Monotype yenyewe, alitoa mwaka 1931 kitabu kidogo kuhusu uchapaji. Hoja yake: nafasi zilizo sawa baina ya maneno zina faida kwa msomaji kuliko ukingo ulionyooka, basi ukingo wa kulia uachwe ukate popote. Kitabu chenyewe alikichapa hivyo. Wachache walimfuata. Magazeti yalikuwa yamezoea safu zake zilizonyooka, na wasomaji wakaona mstari uliokatika ni wa mashairi au wa barua ya taipureta. Taipureta, ambayo i na m zina upana mmoja, haikuwa na njia ya kunyoosha isipokuwa katibu aichape barua mara mbili: mara ya kwanza ahesabu nafasi zilizopungua, mara ya pili aziongeze moja moja.

Kompyuta za kwanza zilirithi kazi ya katibu huyo. Mwaka 1963, katika chuo cha MIT, Peter Samson aliandika programu iitwayo TJ-2 iliyonyoosha maandishi kwa mashine ya PDP-1. Mwaka uliofuata, hapohapo, Jerome Saltzer akaandika RUNOFF, na kutoka kwake kukazaliwa ukoo wa programu zilizofika hadi maabara za Bell, ambako kikundi kilichotengeneza mfumo wa kompyuta wa Unix kilipewa kompyuta mpya kwa ahadi ya kuandaa mfumo wa kushughulikia maandishi. Idara ya hataza ya maabara hizo ikawa mteja wake wa mwanzo. Ndani ya ukoo huo kulikuwa na ujanja mmoja mdogo wa kupendeza. Nafasi moja ya taipureta haigawanyiki, kwa hiyo mstari wenye nafasi tisa na upungufu wa nne hauwezi kugawiwa sawa. Programu ilianza kuziongeza kutoka kulia katika mstari mmoja na kutoka kushoto katika unaofuata, weupe usije ukajikusanya upande mmoja wa ukurasa.

Hata hivyo programu hizi zilijaza mistari kama konda wa daladala anavyojaza viti: kila anayefika anakaa, bila kuuliza ni nani anasubiri kituo kijacho. Mstari ukijaa, unafungwa na kusahauliwa. Kama neno refu linaangukia mstari unaofuata na kuuharibu, shauri yake.

Aliyeliona tatizo hilo kuwa la aya nzima alikuwa Donald Knuth wa Stanford. Mwaka 1977 aliletewa kurasa za majaribio za toleo jipya la juzuu ya pili ya kitabu chake kuhusu sanaa ya kuandika programu. Toleo la kwanza lilikuwa limepangwa kwa Monotype. Hili jipya lilikuwa limepangwa kwa mitambo ya picha, na lilimchukiza. Akaamua kutengeneza mfumo wake mwenyewe, TeX, akidhani utamchukua muda mfupi. Ulichukua sehemu kubwa ya miaka kumi.

Katika TeX kila herufi ni kisanduku, na baina ya maneno kuna kitu alichokiita gundi. Gundi ina vipimo vitatu: upana wake wa asili, kiasi inachoweza kutanuka, na kiasi inachoweza kubanwa. Kwa herufi zake za pointi 10, nafasi ya kawaida ni pointi 3.33, yenye ruhusa ya kutanuka 1.67 na kubanwa 1.11. Chukua mstari wenye nafasi sita uliopungukiwa pointi 5. Ruhusa yake yote ya kutanuka ni pointi 10, kwa hiyo umetumia nusu. TeX huichukua nusu hiyo, huizidisha yenyewe kwa yenyewe mara tatu, kisha hupiga mara 100: ubaya wa mstari ni 12 na kidogo. Ukipungukiwa pointi 10, ubaya ni 100. Ukipungukiwa 20, ni 800. Upungufu umeongezeka mara nne, ubaya zaidi ya mara 60. Hesabu hiyo haivumilii mstari mmoja mbovu hata kidogo. Afadhali mistari mitatu ilegee kiasi kuliko mmoja upasuke.

Kisha, kwa njia ambayo Knuth na mwanafunzi wake Michael Plass waliieleza kwa kirefu mwaka 1981, TeX haiufungi mstari wowote mpaka aya yote imesomwa. Hupima njia zinazowezekana za kuikata aya, hujumlisha hasara, na kuchagua yenye hasara ndogo. Inaweza kuubana mstari wa pili kidogo ili wa saba upone. Mwandishi anaweza pia kuamuru maneno matatu yajaze upana wa sentimita kumi. Yatatandazwa kama alivyotaka, na TeX itamwandikia onyo kwamba ubaya umefika 10,000, kiwango ambacho haihesabu zaidi yake.

Lugha yetu huzipa hesabu hizi mtihani wa pekee. Kitenzi kimoja cha Kiswahili hubeba sentensi nzima: hawatatutembelea ina herufi 16, na katika safu ya gazeti yenye herufi 30 kwa mstari hilo ni zaidi ya nusu. Likikataa kuingia, mstari unaoachwa nyuma hubaki na maneno mawili au matatu yaliyosukumwa mbali. Bahati nzuri ni kwamba silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu, kwa hiyo neno hilo hukatika kirahisi: ha-wa-ta-tu-te-mbe-le-a. Mhariri anayeijua sheria hiyo huokoa safu yake. Programu iliyowekewa kanuni za Kiingereza hukata m ikaiacha upande mmoja na be upande mwingine, jambo tunaloliona magazetini kila wiki.

Baada ya Knuth uchunguzi ulirudi kwenye herufi zenyewe. Hermann Zapf, mchoraji wa herufi wa Ujerumani, alishirikiana na kampuni ya URW kutengeneza programu iliyozitanua na kuzibana herufi kwa kiasi kisichoonekana. Hàn Thế Thành, Mvietinamu aliyesoma Brno katika Jamhuri ya Czech, aliitia njia ya namna hiyo ndani ya TeX na kuieleza katika tasnifu yake ya mwaka 2000. Mpaka asilimia mbili hivi, jicho halishtuki. Vistari na nukta vikaruhusiwa tena kuchomoza nje ya ukingo.

Vivinjari vya intaneti vilibaki nyuma ya haya yote kwa muda mrefu. Ukurasa lazima uonekane upesi, na upana wake hubadilika kila msomaji anapoigeuza simu, kwa hiyo kwa kawaida kivinjari hufunga mstari mara tu unapojaa. Mwaka 2023 Chrome ilianza kumruhusu mtengenezaji wa ukurasa aombe mistari michache ya mwisho wa aya ipangwe kwa kutazamana. Aya nzima wakati huo ilionekana bado ni mzigo mkubwa mno. Kwenye skrini ya simu, yenye herufi 35 au 40 kwa mstari, wahariri wengi wameacha ukingo wa kulia ukate popote.